Namna ya Kuusaidia Mti wa Matunda Kujiwekea Akiba Mizizini Kabla ya Majira ya Baridi

Wakulima wengi wa matunda huuhesabu mwaka wao tangu maua hadi mavuno, na tunda la mwisho likishachumwa huiacha miti hadi msimu ujao. Kwa miti inayopukutisha majani, kama vile mtufaha, mpeasi, mpichi, mplamu na mzabibu, hesabu hiyo ina kasoro kubwa, kwa sababu majuma yaliyo kati ya mavuno na kupukutika kwa majani ndiyo yanayoamua mti utaamka na nguvu kiasi gani baridi ikishapita. Katika majuma hayo mti hauna tena matunda ya kulisha, matawi yameacha kurefuka, na sehemu kubwa ya chakula kinachotengenezwa na majani huelekezwa kwenye akiba. Mwongozo huu unaeleza akiba hiyo ni nini, inakaa wapi, na nini mkulima afanye au aache kufanya ili itoshe.

Kinachowekwa akiba, na mahali kinapokaa

Akiba ya mti ni ya aina mbili kubwa, na kila moja ina njia yake. Ya kwanza ni wanga. Majani hutengeneza sukari kwa usanisinuru, na sukari hiyo hushuka kupitia tishu laini zilizo chini tu ya gome; katika mtufaha, mpichi na jamaa zao, sehemu kubwa ya sukari inayosafiri kwa njia hiyo ni ile iitwayo sorbitoli. Ikifika kwenye shina na mizizi hugeuzwa kuwa wanga na kuhifadhiwa ndani ya seli hai, ambazo nyingi zimejipanga kwa mistari myembamba inayotoka katikati ya mzizi kuelekea kwenye gome. Ukilinganisha uzito kwa uzito, kwa kawaida mizizi huwa na wanga mwingi kuliko mbao za shina na za matawi, na kiwango chake hufikia kilele karibu na wakati ambapo majani yanapukutika.

Ya pili ni nitrojeni, ambayo sehemu yake hufyonzwa na mizizi kutoka ardhini baada ya mavuno, na sehemu nyingine hutoka kwenye majani yenyewe. Jani linapozeeka, protini zake, hasa zile zilizokuwa zikifanya kazi ya usanisinuru, huvunjwa kuwa asidi amino, nazo hurudishwa ndani ya mti kabla jani halijaachia tawi. Majani ya mtufaha wenye afya huwa na nitrojeni ya kati ya asilimia 2 na 2.5 ya uzito wao mkavu katikati ya kiangazi, na yakidondoka yenyewe kwa wakati wake, takriban nusu ya nitrojeni hiyo huwa imekwisha kurudi mtini. Huko hukaa katika gome, katika mbao na katika mizizi, ikiwa ni protini za akiba na asidi amino, ambapo arjinini ni mojawapo ya zilizo muhimu zaidi. Fosforasi na potasiamu nazo hurudi kwa kiasi fulani. Kalsiamu hairudi, kwa kuwa haisafiri kwa njia ya tishu za chini ya gome, hivyo huanguka pamoja na jani, na kila mwaka mti hulazimika kutafuta nyingi ya kalsiamu yake upya ardhini.

Inafaa kusahihisha hapa dhana iliyoenea, kwamba wakati wa baridi utomvu wote hushuka na kujificha mizizini. Akiba imeenea katika mti mzima, kuanzia ncha za mizizi hadi matawi madogo yenye vitumba vya maua, na wala haikai imetulia kama mzigo stoo. Baridi inapozidi, sehemu ya wanga hugeuzwa kuwa sukari, na sukari hiyo huzisaidia seli kustahimili baridi kali bila kupasuliwa na barafu. Joto likirudi, sehemu ya sukari huweza kugeuzwa tena kuwa wanga. Wakati huo wote mti unapumua, ingawa polepole, na kwa hiyo unatumia kiasi kidogo cha akiba yake kila siku. Majira ya baridi yenye vipindi virefu vya joto hula akiba zaidi kuliko yale yenye baridi iliyotulia.

Kwa nini mti hauwezi kuamka bila akiba

Tazama tawi la mpichi siku maua yanapofunguka. Halina hata jani moja lililokomaa, na mara nyingi halina jani kabisa, ilhali limebeba maua kwa makumi, na kila ua linahitaji sukari, nitrojeni na maji. Mtufaha hutoa majani machache madogo pamoja na maua, lakini jani changa huchukua chakula kutoka mtini badala ya kuuchangia, na huendelea hivyo hadi lifikie karibu theluthi moja au nusu ya ukubwa wake kamili. Chini ardhini nako udongo bado ni wa baridi na mizizi hufyonza nitrojeni kidogo mno. Kwa hiyo maua, majani ya kwanza, mizizi mipya ya kwanza, na hata mwanzo wa matunda yenyewe, vyote hujengwa kwa kile kilichowekwa mwaka uliopita.

Mwanzo huo wa matunda una uzito wa pekee. Katika mtufaha, seli za tunda hugawanyika kwa wingi katika majuma manne hadi sita baada ya maua, na idadi ya seli zitakazopatikana wakati huo ndiyo inayoweka mpaka wa ukubwa ambao tunda litaweza kufikia. Maji na mbolea za baadaye huzijaza seli zilizopo, lakini haviwezi kurudisha zile ambazo hazikuundwa. Kipindi hichohicho ndicho akiba inapofikia kiwango cha chini kabisa katika mwaka mzima, maana majani mapya ndiyo kwanza yanaanza kujilipia. Mti ulioingia kwenye baridi na akiba haba huonyesha hali hiyo wakati huu: maua ni dhaifu na mengi hayashiki, vitumba hufunguka kwa kupishana, majani ya mwanzo ni madogo na yamepauka, na matunda machanga hudondoka kwa wingi. Mkulima akiona hayo kwa kawaida hukimbilia mbolea, lakini kilichopungua kilipaswa kuwekwa miezi mingi nyuma.

Anza kabla ya mavuno

Mti uliobebeshwa matunda kupita uwezo wake hupeleka sukari kwenye matunda kwanza, na mizizi huambulia kilichosalia. Hii ni moja ya sababu za mti kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Sababu nyingine ni vichocheo vinavyotoka kwenye mbegu za matunda hayohayo, ambavyo huzuia vitumba vya maua ya mwaka ujao visiundwe. Dawa ya yote mawili ni moja, yaani kupunguza matunda yakiwa bado machanga, mapema iwezekanavyo baada ya yale dhaifu kudondoka yenyewe. Kwa matufaha makubwa acha tunda moja kwa kila kishada, na nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda kwenye tawi. Kuyatupa matunda mabichi kunauma, hasa kwa anayeanza, lakini kila moja linaloondolewa mapema huuachia mti chakula cha kulisha yaliyobaki na cha kuweka chini.

Yatunze majani hadi siku ya mwisho

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika mwongozo huu. Kila jani la kijani linalobaki mtini baada ya mavuno linafanya kazi mbili: linatengeneza sukari inayoshuka mizizini, na limeshika nitrojeni itakayorudi mtini litakapozeeka. Jani lililoharibiwa na ubwiri unga, kigaga au utitiri, au lililokauka kwa kiu, hupungukiwa katika kazi ya kwanza, na likidondoka kabla ya wakati huondoka na nitrojeni yake. Kwa hiyo endelea kuikagua miti baada ya kuchuma kama ulivyokuwa ukiikagua kabla. Geuza majani uangalie upande wa chini, ambako utitiri hukaa. Yakiwa na vidoa vidogo vya rangi ya shaba na yanadondoka mapema, chukua hatua hata kama hakuna tunda la kuokoa.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Mipichi inayochumwa mapema katika kiangazi huwa bado ina miezi kadhaa ya kufanya kazi, nayo ndiyo inayokatiwa maji mara nyingi kuliko miti mingine kwa kuwa mkulima amehamishia macho yake kwenye mazao mengine. Mti wenye kiu hufunga vinyweleo vya majani yake, na usanisinuru hupungua siku hiyohiyo. Katika mpichi kuna hasara ya pili, kwa kuwa kiu ya mwishoni mwa kiangazi, wakati vitumba vya maua vinapojiunda, huongeza matunda pacha yaliyoungana katika msimu unaofuata. Endelea kumwagilia kwa kina, ila upunguze kadiri siku zinavyopoa na majani yanavyoanza kubadilika rangi, ili mti usichochewe kutoa machipukizi mapya ambayo baridi itayaua.

Usipogoe mti ungali na majani ya kijani, isipokuwa unakusudia kuupunguza nguvu. Upogoaji wa kiangazi huondoa majani yanayolisha mizizi, na ndiyo sababu hutumika kutuliza mti unaokua kupita kiasi. Upogoaji wa majira ya baridi huleta kinyume chake: akiba iliyo mizizini na shinani hubaki karibu yote, lakini vitumba vya kuipokea vimepungua, kwa hiyo vilivyobaki hulishwa kwa wingi na kutoa matawi marefu yenye nguvu. Anayeelewa jambo hili hashangai kwa nini mti aliouchapa mapanga wakati wa baridi umemjibu kwa msitu wa fito zilizosimama wima. Kwa mti wa kawaida, subiri hadi majani yote yaanguke, na kama baridi ya mahali ulipo ni kali, subiri hadi karibu na mwisho wake.

Mbolea ya baada ya mavuno

Mizizi huwa na kipindi cha kukua na kufyonza baada ya mavuno, wakati udongo ungali na joto na majani yangali yakivuta maji. Nitrojeni inayoingia wakati huu haipelekwi kwenye matawi mapya bali huenda moja kwa moja kwenye akiba, na ndiyo itakayolisha maua. Linganisha na mbolea inayomwagwa mwishoni mwa baridi kabla vitumba havijafunguka: mti haujaanza kufyonza, na mvua huweza kuipeleka nitrojeni hiyo chini kupita mizizi, ikachafua maji ya ardhini bila kumfaidi mtu yeyote. Utaratibu unaofaa ni kugawa nitrojeni ya mwaka mara mbili au tatu, sehemu kubwa ikitolewa baada ya maua hadi katikati ya kiangazi, na sehemu ndogo mara tu baada ya mavuno, mradi majani bado yana majuma kadhaa ya kuishi. Usitoe nitrojeni nyingi mwishoni mwa kiangazi wakati matunda yangali mtini, kwa sababu huharibu rangi na uimara wa tunda na huchelewesha mti kukomaa kabla ya baridi. Mti ambao tayari unarefuka kwa fujo hauhitaji nitrojeni ya kuongeza katika majira haya.

Aina za matufaha zinazochumwa kwa kuchelewa zina tatizo lake, kwamba kati ya mavuno na kupukutika kwa majani hubaki muda mfupi, na udongo umeshapoa. Hapo njia bora ni kupulizia urea kwenye majani. Changanya gramu 400 za urea katika bomba la lita 20, ambayo ni sawa na asilimia 2, kisha pulizia majani yote hadi yalowe, wakati wa jioni au siku yenye mawingu, mara tu baada ya kuchuma na majani yangali ya kijani. Tumia urea yenye kiasi kidogo cha biureti, ambayo ni uchafu wa kiwandani unaounguza majani, na ujaribu kwanza kwenye matawi machache kwa siku mbili tatu. Jani hufyonza urea kwa haraka, huigeuza kuwa asidi amino, na huirudisha mtini pamoja na nitrojeni yake yenyewe. Kama vipimo vya majani vimeonyesha upungufu wa boroni, kuipulizia baada ya mavuno huifikisha kwenye vitumba kwa ajili ya maua yajayo. Lakini boroni ikizidi ni sumu kwa mti, kwa hiyo isitumiwe kwa kubahatisha.

Ilinde mizizi yenyewe

Mizizi huvumilia baridi kidogo sana kuliko matawi. Mtufaha ambao matawi yake yaliyokomaa yanaweza kustahimili nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri unaweza kupoteza mizizi yake udongo unaoizunguka ukifikia nyuzi 10 au zaidi kidogo chini ya sifuri, ikitegemea aina ya shina la chini lenye mizizi ambalo mti umebebeshwa juu yake. Kinachoiokoa ni udongo wenyewe, na theluji au matandazo yaliyo juu yake. Tandaza majani makavu, nyasi au mboji iliyoiva kwa unene wa sentimita 8 hadi 10 kulizunguka shina, ukiacha nafasi wazi ya kama sentimita 15 ili matandazo yasigusane na gome. Nafasi hiyo ina kazi: panya hupenda kujificha ndani ya matandazo na kutafuna gome laini la chini, na wakilitafuna kulizunguka shina lote njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizini hukatika. Mti wa namna hiyo huweza kuchanua vizuri na hata kutoa majani kwa kutumia akiba ya juu na maji yanayopanda kupitia mbao, kisha hunyauka taratibu kadiri mizizi inavyokufa njaa.

Udongo uliojaa maji nao ni adui, kwa sababu mizizi inayokosa hewa haiwezi kupumua ipasavyo na huteketeza wanga wake kwa hasara. Chimba mifereji ya kuondoa maji kabla ya majira ya baridi. Usilime kwa kina chini ya mti baada ya mavuno, kwani jembe hukata mizizi ileile inayopokea akiba. Magugu yapaliliwe juujuu au yafunikwe.

Namna ya kuiona akiba kwa macho

Ipo njia rahisi ya kujua kama mti umejaza mizizi yake, nayo haihitaji maabara. Mara tu majani yanapomalizika kuanguka, chimba kwa uangalifu upande mmoja wa mti, umbali wa kama mita moja kutoka shinani, hadi ukutane na mzizi wenye unene wa penseli. Kata kipande kimoja chenye urefu wa kidole, uoshe udongo, kisha kwa kisu kikali ukate upya ncha yake ili upate uso laini wa duara. Dondoshea matone mawili ya iodini ya kusafishia vidonda na usubiri dakika chache. Palipo na wanga hugeuka rangi ya bluu iliyokolea hadi nyeusi, na kwenye mzizi ulioshiba utaona wazi mistari myeusi iliyotoka katikati kwenda nje, pamoja na duara la gome lililokolea. Kwenye mzizi wenye njaa mistari hiyo huwa hafifu na iliyokatikakatika, na sehemu kubwa ya uso hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe.

Linganisha mti uliozaa sana na uliozaa kiasi, au ule uliopoteza majani mapema na ule uliobaki nayo. Fanya vipimo vyote siku moja, kwa mizizi yenye unene unaokaribiana, na usingoje hadi katikati ya baridi, maana wakati huo sehemu ya wanga imekwisha kugeuka sukari, ambayo iodini haiionyeshi, na mti wenye akiba nzuri utaonekana maskini. Rudisha udongo na uushindilie taratibu. Kukata mzizi mmoja mwembamba hakuudhuru mti mkubwa, lakini mti mchanga uachwe bila kuguswa.

Mti ambao kipimo kimeonyesha una akiba haba bado unaweza kusaidiwa. Usiupogoe sana wakati wa baridi, kwa kuwa kila tawi nene linalokatwa huondoka na sehemu ya kile kidogo ulicho nacho. Yapunguze maua yake yenyewe badala ya kungoja matunda, uupe nitrojeni kidogo mara majani yanapokuwa yamefunguka vizuri, na usiukoseshe maji katika majuma ya kwanza. Mti ukitunzwa hivyo, mizizi yake huweza kujazwa vya kutosha kabla ya majira ya baridi yanayofuata.

Mti unaohamishwa

Mti unaong'olewa wakati wa baridi ili upandwe kwingine huacha ardhini sehemu kubwa ya mizizi yake na akiba iliyokuwamo. Ndiyo maana miche ya mizizi mitupu huhamishwa majani yakiwa yameanguka yenyewe. Ikipukutishwa kwa mikono mapema ili iuzwe haraka, hufika ikiwa na njaa. Unaponunua, chagua mche wenye mizizi minene iliyo hai, na uikwaruze kidogo kwa ukucha: chini ya ngozi iwe nyeupe na yenye unyevu, si ya kahawia wala kavu. Ifunike kwa gunia bichi hadi wakati wa kupanda, punguza matawi yalingane na mizizi iliyobaki, na mwaka wa kwanza uondoe maua yote yatakayotokea, hata kama mche unaonekana kuwa na nguvu za kuzaa.

Miti isiyopukutisha majani, kama mchungwa na mlimau, hufuata utaratibu tofauti kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nitrojeni yake ya akiba hukaa ndani ya majani ya zamani yanayobaki mtini wakati wote wa baridi. Kwa miti hiyo, kuyalinda majani ya mwaka uliopita yasiunguzwe na baridi wala kupogolewa kabla ya maua ni kuilinda akiba yenyewe.